Kwa Dada Yusta, Kuhusu Saa Nyekundu ya Mapokezi

Dada Yusta,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi ni mzima wa afya, hofu ni juu yako wewe uliye mbali. Nimejaribu kuanza hivyo nikacheka mwenyewe. Hofu ya nini tena, Dada? Basi nasema tu kwamba mimi Zaituni wako ni mzima, nimenenepa kidogo, na leo Jumamosi mchana zahanati imetulia. Wagonjwa wamekwisha, nesi wa zamu anatafuna karanga dirishani, na mimi nimekalia kiti chako. Ndiyo, kile chenye mto ulioushona mwenyewe. Nilikinyakua siku ileile tuliyorudi kutoka kukuzika kwenu Mlali, kabla mtu mwingine hajakitamani.

Nina habari. Ungekuwepo ungepiga kigelegele mpaka wagonjwa wakatoka nje kutazama harusi ni ya nani. Ile saa nyekundu wameiondoa. Imekwenda, na haitarudi.

Ngoja nianze mwanzo, maana hukuwahi kumpenda mtu anayesimulia kuanzia katikati. Unakumbuka walivyotuletea mfumo? Tulikuwa wawili hapa mapokezi, wewe na mimi, na daftari letu kubwa la wagonjwa. Wakaja na kompyuta, wakatuambia kuanzia sasa kazi itakuwa rahisi. Wewe ulikuwa umepokea wagonjwa hapa Miyuji tangu mimi niko shule ya msingi kwetu Kondoa, hukuogopa kitu. Uliitazama ile kompyuta kama mama anavyomtazama mchumba aliyeletwa na mwanawe bila taarifa. Ukaifuta vumbi, ukaisogeza kidogo upande wa kulia, ukasema, "Haya, tuone tabia zake."

Tabia zake tukaziona. Kitufe cha kuhifadhi na kitufe cha kufuta walivipanga ubavu kwa ubavu, vyote vya bluu, vyote vidogo kama kunde. Ukimaliza kumwandika mgonjwa, jina lake, kijiji chake, simu ya mwanawe, kidole kikiteleza kidogo tu, mgonjwa huyo hayupo tena duniani. Na haulizwi mtu. Lakini ukitaka kutoka ukanywe chai, hapo inakuuliza mara mbili kama una uhakika.

Halafu tarehe ya kuzaliwa. Hawakutuachia tuandike, walituwekea gurudumu. Linaanzia mwaka huu tulio nao, na kama aliyesimama mbele yako ni bibi kutoka Hombolo, unazungusha, unazungusha, unapita miaka ya simu za mkononi, unapita miaka ya foleni za sukari, bado hujamfikia. Nakuona kabisa ukiwa umeinamia kipanya na miwani imeshuka puani, ukimwambia, "Usichoke bibi, tumeshafika vita vya Kagera, tunakuja." Bibi anakwambia yeye alizaliwa mwaka wa njaa. Mfumo unataka na siku. Ndipo ulipoamua kwamba kila mzee asiyejua tarehe yake amezaliwa Krismasi. Hata Waislamu wenzangu uliwazaa Krismasi, Dada, na mpaka leo wamo humo ndani na Krismasi yao.

Nilichopenda ni kwamba hukuwahi kujiona mjinga. Mimi nilikuwa najiona. Mfumo ukikataa kitu, mimi nilijilaumu, nikatazama huku na huku kama mwizi. Wewe ulikuwa unaugombeza. Siku ile mfumo ulipotuandikia kwamba limetokea kosa lisilojulikana, wewe ulivua miwani ukauliza zahanati nzima, "Kama halijulikani, yeye amelijuaje?" Na walipofanya yale wanayoyaita maboresho, tukakuta vitufe vyote vimehamishwa, ukasema ni kama umeamka ukakuta mtu kahamishia jiko chumbani halafu anangoja umshukuru. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu siku hiyo sikujilaumu tena, na hilo sikupata nafasi ya kukushukuru.

Lakini hayo yote tuliyamudu. Kilichotushinda ni saa.

Ukifungua ukurasa wa mgonjwa mpya, kisanduku cha kwanza kabisa, kabla hata ya jina, kilikuwa kinauliza tatizo kuu ni nini. Na juu pembeni kisaa kinahesabu kurudi nyuma. Usipogusa kibodi kwa dakika moja, kinageuka chekundu, ukurasa unajifunga, na yote uliyoandika yanapotea. Muda wako umekwisha, tafadhali ingia tena. Uingie tena na paswedi yenye herufi kubwa, namba na alama, inayobadilishwa kila mwezi. Yako ilikuwa Mlenda, kisha Mlenda wa karanga, kisha ukaanza kupanda vyeo vya mboga zote za Ugogoni.

Sasa wewe na dakika moja wapi na wapi! Mtu wa Ugogo akifika mbele yako umsalimie. Mbukwa yake ya Kigogo aipate, halafu habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za ng'ombe kama anao, na yeye akuulize zako, na za kwenu Mlali, na usikimbie. Akisikia anakimbizwa anafunga mdomo. Ulikuwa unasalimia huku kidole chako kidogo cha kushoto kinagonga herufi a, taratibu, ili saa isigeuke. Ndiyo maana nusu ya wagonjwa wetu wa mwaka ule tatizo lao limeandikwa aaaaaaa. Daktari akaja kuuliza kwa upole kama hawa watu wote wameingia wanapiga kelele. Ukamjibu hapana daktari, walikuwa wanasalimiwa.

Na ulinieleza kwa nini, siku nilipokuuliza kama kweli ni lazima. Ulisema mgonjwa wetu ukimuuliza hali atakwambia nzuri hata kama amekuja kwa machela, maana hayo ni majibu ya salamu, siyo ya ugonjwa. Ugonjwa unakuja nyuma ya salamu. Anamaliza nzuri zake zote, ananyamaza, anatazama sakafu, ndipo anasema, "Ila..." Ulinifundisha kuingoja hiyo "ila". Ulisema kazi ya mapokezi ni hiyo tu, nyingine zote hata kompyuta inaweza.

Halafu wewe mwenyewe, Dada. Miezi ile ya mwisho nilikuuliza kila asubuhi habari za kuamka, ukanijibu nzuri, ukaning'oneza kuhusu viatu vya daktari, tukacheka, ukafungua kompyuta. Nilikaa kimya, nikangoja kama ulivyonifundisha. Hukuileta "ila" yako. Uliijua ile njia kuliko mtu yeyote, ukaifunga kwa ndani. Nilikukasirikia sana kwa hilo, na nilikukasirikia hata pale kaburini, mama yako akiwa amenishika mkono. Siku hizi hasira imepoa. Nadhani ulitaka kubaki na sehemu moja ambako hakuna anayekuhurumia, na sehemu hiyo ilikuwa hapa kaunta na mimi. Nakubali. Ila ungeniambia, nisingekuhurumia sana.

Ulipoondoka nikabaki peke yangu na saa. Sikuwa na kidole chepesi kama chako. Foleni ikawa ndefu, watu wakalalamika, na mganga mfawidhi, mkuu wetu wa zahanati, unamjua alivyo, mtu mwema lakini akiona foleni anawashwa, akabandika tangazo ukutani hapa nyuma yangu. Lilisema wahudumu wa mapokezi wamuulize mgonjwa tatizo lake moja kwa moja, na mazungumzo mengine yafanyike nje ya muda wa kazi. Mazungumzo mengine, Dada. Yaani salamu.

Nitakwambia nilichoogopa. Sikuogopa kufukuzwa. Niliogopa kwamba ile namna yako ya kupokea watu itakufa, na itakufa mikononi mwangu, kwa sababu ya kisaa kidogo kuliko ukucha. Watoto hukuacha, na nyumba yako ni ya kupanga. Ulichoacha ni hicho, na mimi ndiye niliyeachiwa. Nikawa nasalimia kwa kuibia, nusu nusu, macho kwenye saa. Mtu anasema "nzuri" ya pili, mimi nimeshaogopa. Jioni nilikuwa narudi nyumbani nimechoka kama niliyelima.

Aliyeniokoa ni mfawidhi mwenyewe, bila kujua. Nilienda Kondoa kwenye harusi ya binamu yangu, akasema yeye atakaa mapokezi siku hiyo anionyeshe jinsi foleni inavyokwenda. Na ikaenda! Nesi ndiye aliyenisimulia, nikamwomba arudie tena na tena. Mfawidhi amekaa kwenye kiti chako, mtu anafika, anaulizwa, "Tatizo?" Sasa wewe fikiria mzee wa watu, hajasalimiwa, hajakaribishwa, anakutana na neno hilo usoni. Anajibu kwa adabu zake zote, "Hamna tatizo, baba." Mfawidhi anaandika hamna. Anayefuata, tatizo? "Hamna, tunashukuru." Hamna. Na mfumo kwa akili zake, yule asiye na tatizo unamsukuma mwisho wa foleni. Kufika saa nne benchi zima limejaa watu wasio na tatizo lolote, wamekaa kimya, wanasubiri kusalimiwa ili waseme wanaumwa nini.

Mmoja wao alikuwa mzee amejifunika shuka lake vizuri mpaka shingoni. Nesi akapita, akampa shikamoo, akamuuliza za huko atokako. Mzee akajibu nzuri, nzuri kabisa, mbuzi wazima, kisha akafunua shuka akatoa mkono umevunjika, umevimba kama mhogo. "Ila huu," akasema. Nesi anasema mfawidhi alisimama pale akiwa ameshika kipanya, akamtazama mzee, akatazama skrini iliyosema hamna, akaenda kumshika yule mzee kwapani na kumwingiza yeye mwenyewe kwa daktari. Aliporudi alilibandua tangazo. Hakutoa hotuba, na mimi niliporudi na biriani ya harusi sikumwuliza. Nilimpa kipande kikubwa cha nyama.

Wiki hiyohiyo akawapigia simu wenye mfumo kule mjini. Wakamtuma binti mmoja anaitwa Neema, ana kompyuta yake ya mapajani na viatu visivyofaa kwa vumbi letu. Nilikuwa nimemwandalia maneno, Dada. Nilikuwa nimeyapanga tangu enzi zako. Nikasema huyu leo atajua kwa nini kitufe cha kufuta kinakaa karibu na cha kuhifadhi. Lakini alipofika alisimama mbele ya kaunta, akasema shikamoo dada, akangoja. Nikamwitikia. Akauliza za kazi, za familia, akasema yeye kwao ni Mtera, baba yake mvuvi, na kwao bila salamu hununui hata perege. Hasira yangu yote ikakosa pa kukaa.

Akaomba stuli, akakaa nyuma yangu kutwa nzima akitazama tu. Mchana nikamuuliza hiyo saa wameileta ya nini, wanatuchukia? Akacheka, akasema hapana. Waliogopa kwamba mhudumu akiinuka kwenda chooni, mtu mwingine akachungulia, atasoma siri za mgonjwa. Kwa kweli hilo sikuwahi kulifikiria, na wewe ulivyokuwa mkali kwa siri za watu ungelikubali mara moja. Yeye naye akasema pale ofisini kwao walidhani kibodi ikiwa kimya, mtu hayupo. Hakuna aliyewaambia kwamba kibodi inaweza kuwa kimya kwa sababu watu wawili wanazungumza. Alilisema hilo huku anamtazama mama mmoja aliyekuwa bado anatuuliza za mvua.

Tukakaa na karatasi tukachora. Yeye anachora, mimi nafuta, yeye anachora tena. Nilimwambia kuhusu gurudumu na watu wako wa Krismasi, akacheka mpaka akakohoa, halafu akaacha kucheka akauliza jina lako. Nikamwambia. Nikamsimulia ulivyokuwa unagonga ile herufi. Akasema angependa kukufahamu. Nikamwambia ungemtukana kwanza kuhusu vitufe, ndipo ungempa chai.

Sasa sikiliza jinsi kulivyo. Ukurasa unaanza na jina la mtu na anakotoka. Miaka unaandika mwenyewe, na kama hajui siku, unaacha, hakuna anayekufokea. Kitufe cha kufuta wamekipeleka mbali kule chini, na kinauliza kwanza. Tatizo liko mwisho, na linaweza kubaki tupu mpaka kwa daktari. Usipogusa kitu skrini inafifia tu, yote yaliyoandikwa yamelala palepale, ukiigusa inarudi ilipokuwa. Nikitaka kuinuka nabonyeza mahali pamoja inajificha. Siyo kwamba kila kitu ni kizuri. Paswedi bado ni ya kila mwezi, na juzi mfumo ulikuwa chini asubuhi nzima. Lakini nafanya kazi nikiwa nimeegemea kiti, Dada. Nimerudi kusikia watu wanasema nini.

Na sababu hasa ya kukuandikia leo ndiyo hii. Mama yako amekuja.

Baada ya arobaini kaka yako alimtoa Mlali, anakaa naye hapa Miyuji, karibu na kanisa lenu. Nilikuwa nakwenda kumwona Jumapili, na kila mara alinipa karanga na kuniambia ni mzima. Wiki iliyopita akaingia mwenyewe, na kanga yake nzuri, akapanga foleni kama wengine. Alipofika mbele yangu nikasimama. Nikampa mbukwa yake kwa ile lafudhi yangu ya Kirangi mnayoichekaga, akacheka kweli. Nikamuuliza habari. Nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Za kaka? Nzuri sana, kapata kazi ya ujenzi. Nikaandika jina lake na anakotoka. Nikamuuliza, mama, leo tunakusaidiaje? Akasema hana tatizo, amekuja kunisalimia tu.

Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Nyuma yake kulikuwa na watu, na hakuna aliyekohoa. Skrini ikafifia, ikawa nyeusi kabisa, sikuigusa. Alikuwa anatazama ule mto wa kiti. Nadhani aliutambua mshono. Sijui tulikaa hivyo muda gani, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na kitu cha kunihesabia.

"Ila silali, mwanangu," akasema. "Nikilala, nikiamka nakuwa nimesahau kwamba amekufa. Naita Yusta. Halafu nakumbuka upya. Basi naona bora nisilale."

Sikuandika chochote. Nilizunguka kaunta nikamkumbatia mbele ya watu wote, tukalia, na mzee mmoja nyuma akavua kofia. Kisha nikamwingiza kwa daktari, akakaa naye muda mrefu mlango ukiwa umefungwa. Anakuja sasa kila baada ya siku chache. Dawa alizopewa ni kidogo tu, zaidi wanazungumza. Akitoka kwa daktari hana haraka, anakaa benchini anawasalimia wanaoingia, na nakwambia anasalimia kuliko wewe. Mfawidhi amemwekea kigoda cha miguu.

Kwa hiyo nimeridhika, Dada. Nilitaka ulijue hilo. Nilidhani nitakukumbuka kwa uchungu miaka yote, kumbe sasa hivi nakukumbuka na kazi, na vicheko, na nikimaliza mtu mmoja namwita mwingine. "Ila" yako hukunipa, lakini ya mama yako ninayo, na nitaitunza.

Jana mchana mama alisinzia palepale benchini. Kweupe, milango inagongwa, watoto wanalia sindano, yeye kichwa kimeegemea ukuta na mdomo wazi kidogo. Niliwaita wagonjwa kwa kunong'ona, nao wakapita kwa vidole vya miguu. Nikaiacha kaunta nikaenda kukaa pembeni yake, ili atakapofumbua macho na kuita jina lako, akute mtu amemshika mkono kabla hajakumbuka.

Lala, Dada Yusta, usihangaike. Mama nitamwamsha mimi.

Mdogo wako,
Zaituni